Kupuliza rimu za gari rangi ya mpira inayobanduka, ukiwa nyumbani kwako

Hapakosi mtu wa kuniuliza maswali yaleyale. Hiyo rangi inabanduka kweli? Makopo mangapi yanatosha? Nipulize tairi likiwa kwenye gari au nilitoe? Halafu lipo lile linaloniuma zaidi: "Kaka, mbona ya kwangu imegoma kutoka?" Anayeuliza hilo huwa ameshachelewa. Yuko uani amechuchumaa, anaikwangua rimu kwa kucha.

Nianze na jibu la huyo wa mwisho, maana ndilo linalobeba kazi yote. Imegoma kwa sababu uliipuliza kama rangi, na hii si rangi. Ni mpira wa majimaji wenye rangi ndani yake. Ukikauka unakuwa ngozi moja iliyolala juu ya rimu. Ngozi ikiwa nene hubanduka kama ganda la ndizi mbivu. Ikiwa nyembamba hukatika vipande vidogovidogo kama ganda la yai linalogoma kumenyeka. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ifanye huku ukiifikiria siku ya kubandua.

Jina linalojulikana zaidi ni Plasti Dip, bidhaa ya Marekani iliyoanza mwaka 1972 kama mpira wa kuchovyea mishiko ya koleo na vifaa vingine vya mkono. Siku hizi watengenezaji ni wengi. Maelezo haya yanafaa kwa makopo yote ya aina hii, ila muda wa kukauka soma kwenye kopo lako, na kopo likipingana na mimi, lisikilize kopo.

Kabla hujatoa hela

Chuchumaa kwanza uzitazame rimu zako. Mpira utabanduka vizuri kama kilicho chini yake ni kizima. Rimu za alumini zenye rangi ya kiwandani ambayo haijamenyeka ndizo bora kabisa. Rimu za chuma zenye rangi nzima nazo hazina shida. Wasiwasi uko kwenye rimu zilizowahi kupakwa upya na fundi. Bandika utepe wa karatasi, ule wa mafundi rangi, ukandamize kwa kidole gumba, kisha uuvute kwa nguvu. Ukitoka na rangi, basi siku ya kubandua mpira nao utatoka na rangi hiyo.

Kutu usiifunike. Itaendelea kula chuma humohumo chini ya mpira, na wewe hutaiona. Rimu yenye ufa au iliyopinda ipeleke kwa fundi. Kuipamba ni kuficha ugonjwa.

La pili ni kopo lenyewe. Ukienda Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, ukasema unataka rangi ya kupuliza rimu, unaweza kupewa rangi ya kawaida ya kopo. Mwenye duka hana kosa, ndiyo uliyoomba. Sema wazi: ya mpira, inayobanduka. Halafu ukifika nyumbani lijaribu kopo moja kabla ya kugusa gari. Puliza mikono mitano (mkono mmoja ni kupuliza eneo lote mara moja) juu ya kifuniko cha plastiki au kipande cha kioo, uache mpaka kesho yake. Ukiivuta na ikatoka kama ngozi inayonyumbuka, umepata. Ikivunjika kama ganda kavu, irudishe dukani.

Vitu vya kuandaa

- Makopo manne kwa rimu nne za inchi 14 au 15, yaani kopo moja kwa rimu. Kwa inchi 17 au 18 ongeza mawili. Watu wengi hununua mawili wakitegemea kubana. Usibane.
- Jeki, stendi ya kushikilia gari, wili spana, na mawe mawili ya kuzuia magurudumu.
- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndoo mbili, brashi laini, mswaki wa zamani, na vitambaa visivyotoa nyuzi.
- Spiriti ya kufutia. Ijaribu kwanza kwenye kioo: ikikauka na kuacha ukungu wa mafuta, haifai, kwani baadhi ya spiriti za famasi huchanganywa na mafuta ya kulainisha ngozi.
- Utepe wa karatasi na magazeti.
- Karata. Ndiyo, karata za kuchezea. Pakiti moja ya karata 52 inatosha kuizunguka rimu ya inchi 15 zikiwa zimepandana.
- Glavu, miwani, na barakoa yenye vichujio vya mkaa. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu. Mvuke wa kopo hili unapita kama haipo, na ndio unaoleta kizunguzungu.
- Ndoo kuukuu au kreti ya soda ya kulazia tairi.

Kuhusu mahali: uani penye kivuli na hewa inayopita, mbali na jiko la mkaa, jiko la gesi, jenereta na mvuta sigara. Kilichomo kwenye kopo ni viyeyusho vinavyoshika moto haraka. Kuna mtu aliniambia atapulizia gereji milango ikiwa imefungwa ili vumbi lisiingie. Usifanye hivyo. Mwagia maji chini, vumbi litalala.

Na siku yenyewe ichague. Pwani, asubuhi mapema kuna unyevu, na jua la saa sita linakausha rangi hewani kabla haijafika kwenye rimu. Mimi huanza kuosha saa mbili, saa nne kasorobo napuliza, na nikiona wingu la masika naahirisha. Walioko Njombe, Mbeya au Limuru mwezi wa Juni na wa Julai wana shida ya kinyume: kopo likiwa baridi hutema matone. Lisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Ya uvuguvugu, si ya moto, na kamwe usilisogeze kwenye jiko. Makopo ya aina hii hayatakiwi kupita nyuzi 50 za Selsiasi. Kwa sababu hiyohiyo usiyaache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Tairi ndani au nje ya gari?

Nje. Najua video zinaonyesha mtu anapuliza gari likiwa limesimama vilevile, na inawezekana ukiziba nyuma ya rimu kwa magazeti. Lakini nyuma ya rimu kuna diski na pedi za breki, na wewe ndiyo kwanza unajifunza. Toa tairi moja, limalize, lirudishe, nenda la pili. Ukiwa na tairi la akiba, lifunge hilo ili gari lisibaki juu ya stendi siku nzima. Tairi moja kwa siku ni mwendo mzuri, kwani hulala usiku mzima likikauka.

Hatua kwa hatua

1. Legeza, inua, toa. Gari liwe mahali tambarare, handbreki juu, mawe kwenye magurudumu ya upande wa pili. Legeza nati kidogo tairi likiwa bado chini, kisha ndipo uinue. Kwenye Toyota ndogo nyingi nati ni za milimita 21. Weka stendi. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia, na mikono au miguu isiingie chini ya gari lililo juu ya jeki peke yake. Kofia ya katikati ya rimu itoe kwa kuisukuma kutoka nyuma, itapulizwa pembeni.

2. Osha. Kisha osha tena. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na ndipo watu wanapopapita mbio kwa sababu hakupendezi. Rimu ina uchafu wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake. Tope na vumbi hutoka kwa maji na sabuni. Vumbi la breki, ule weusi ulioganda kwenye kona za mikono ya rimu (zile spoki zake), halitoki kwa kumwagiwa maji. Lisugue kwa mswaki ukiwa na sabuni nzito. Wa tatu ndio mbaya kuliko yote, nao hauonekani: mafuta ya kung'arishia matairi. Yakirushwa na tairi hubaki kwenye ukingo wa rimu, na mpira haushiki hapo hata ufanye nini. Osha tairi lenyewe pia, mpaka povu litoke jeupe.

Lami iliyoganda itoe kwa WD-40, yale mafuta ya kopo ya kulegezea vyuma, kwenye kitambaa, kisha rudia sabuni mara mbili. Usifute rimu kwa petroli wala dizeli, huacha mafuta nyuma yake.

Usipige msasa. Fundi rangi yeyote atakushauri upige, na kwa rangi yake ana haki. Msasa unatengeneza mikwaruzo ya kushika, na sisi hatutaki mpira ushike moja kwa moja. Mahali pekee pa kugusa kwa msasa laini ni ncha kali za alumini zilizoinuka rimu ilipogonga ukingo wa barabara, kwa sababu zitatoboa ngozi.

3. Kausha, futa kwa spiriti. Maji hujificha kwenye matundu ya nati na kuzunguka valvu. Lisimamishe tairi ukutani nusu saa, uligongegonge, ulifute. Kisha pitisha spiriti kwa kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila mara. Kuanzia hapa usiguse rimu kwa kiganja kitupu.

4. Ziba. Laza tairi juu ya ndoo, uso wa rimu ukitazama juu. Chukua karata, uzichomeke moja baada ya nyingine kwenye mfereji kati ya mpira wa tairi na ukingo wa rimu, kila moja ikipanda juu ya mwenzake kama makuti ya paa. Kama tairi limebana sana, toa upepo kidogo karata ziingie, kisha ukumbuke kurudisha upepo. Valvu ivishe kidole ulichokikata kwenye glavu kuukuu.

Sasa matundu ya nati, na hapa naomba usome taratibu. Mahali nati inapokalia lazima pabaki chuma kitupu. Mpira ukiwa chini ya nati, utakaza na kuhisi imekaza, lakini umekaza juu ya mpira. Ukianza kutembea, mpira unasagika na kuhama, na nati inabaki imelegea. Viringisha vipande vya gazeti au sponji, uvisokomeze kila tundu mpaka vifunike sehemu yote ya kukalia nati. Vivyo hivyo nyuma ya rimu, pale inapolalia kwenye habu, kile kitovu cha gari kinachobeba gurudumu: pasiguswe na rangi.

5. Tikisa kopo. Dakika nzima baada ya kusikia kigololi kikicheza ndani, na tena kidogo kila baada ya kupumzika. Jaribu kwenye gazeti kwanza. Futa mdomo wa kopo kila mara. Tone linaloning'inia hapo litaangukia katikati ya rimu, hiyo ndiyo kawaida yake.

6. Mkono wa kwanza: ukungu tu. Shika kopo sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye rimu. Bonyeza ukiwa nje ya rimu, pita juu yake bila kusimama, achia ukishatoka upande wa pili. Ukimaliza mkono huu rimu ya zamani ionekane bado, kama mtu aliye nyuma ya pazia jepesi. Utatamani kuongeza. Jizuie. Kazi ya mkono huu ni kuupa unaofuata mahali pa kushikia, na ukiuweka mzito utachuruzika papo hapo.

Acha dakika 20 hadi 30.

7. Mkono wa pili na wa tatu: zijaze mbavu. Macho hupenda uso wa rimu na kusahau mbavu, zile pande za ndani za mikono ya rimu. Inamisha kopo, puliza kutoka kushoto kwa mikono yote ya rimu, geuza tairi robo, puliza tena, mpaka umezunguka. Halafu ndipo upite juu. Mkono huu uwe na unyevu, ung'ae kidogo ukiwa mbichi, lakini usikusanyike kwenye kona. Kati ya mkono na mkono subiri ileile nusu saa.

8. Mkono wa nne, wa tano, wa sita: hapa ndipo pa kubandulia. Baada ya mkono wa tatu rimu itaonekana imekamilika, nyeusi tii. Hapa wengi wanaweka kopo chini, wanapiga picha, wanatuma. Nami nilifanya hivyo mara ya kwanza, kwenye gari la shemeji yangu. Nikabana kopo moja la ziada nikijiona mjanja. Miezi minane baadaye alitaka rimu zake zirudi kama zamani kwa ajili ya kuuza gari, na tulizikwangua siku tatu, mimi na yeye, bila mazungumzo mengi.

Mikono mitano ndiyo kima cha chini. Sita ni bora. Macho yako yataona hakuna tofauti kati ya wa tatu na wa sita. Vidole vyako vitaiona siku ya kubandua. Zingatia zaidi ukingo wa nje na ukingo wa matundu, kwani ngozi huanza kuchanika pale ilipo nyembamba. Rangi nyepesi kama nyeupe au njano juu ya rimu nyeusi hula mikono mingi zaidi, kwa hiyo weka akiba ya kopo.

Kama unataka mng'ao badala ya weusi usiong'aa, lipo kopo lake la mng'ao lisilo na rangi. Hilo ni mikono miwili juu ya mitano, si badala yake.

9. Toa utepe na karata mkono wa mwisho ukiwa bado mbichi. Usisubiri ukauke. Ukikauka, mpira wa kwenye rimu na wa kwenye karata vinakuwa kitu kimoja, na ukivuta karata unaondoka na ukingo. Vuta moja moja, polepole, ukielekeza nje. Gazeti la kwenye matundu litoe kwa koleo ndogo. Ukiona pameunganika, kata kwa wembe bila kugusa rimu.

Rangi iliyorukia tairi isikutie presha, ikikauka itatoka kwa kusugua na kidole.

10. Acha. Muda wa saa nne unatosha kukauka kwa kushika. Mimi hulaza usiku mzima ndani, mbali na kuku na watoto.

11. Rudisha tairi. Kagua tena matundu ya nati kwa kidole. Mpira ukionekana mahali pa kukalia nati, utoe wote. Zungushia soketi ya spana utepe mwembamba isikwaruze kuta za tundu. Anza nati kwa mkono, kaza kwa mtindo wa nyota, yaani ukiruka kutoka nati moja hadi iliyo upande wa pili, shusha gari, malizia kukaza chini. Wenye spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, Toyota ndogo nyingi hukazwa Nm 103 (nyutoni-mita). Gari jingine tazama kitabu chake. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, kaza tena. Hatua hii irukwe na mtu asiyeyapenda maisha yake.

Siku za mwanzo na baada ya hapo

Usioshe gari wiki ya kwanza. Baada ya hapo sabuni laini na sponji vinatosha. Bomba la presha liwe mbali, nusu mita au zaidi, na lisielekezwe kwenye ukingo wa ngozi, kwani maji hupenya chini na kuiinua.

Adui mkubwa ni petroli. Inayeyusha mpira huu. Ikimwagika kituoni, mwagia maji papo hapo bila kusugua. Adui wa pili ni ukarimu wa kwenye kijiwe cha kuosha magari, ambako kijana anaweza kukupaka matairi dizeli ili yang'ae. Mwambie mapema, "Mdogo wangu, matairi usiyapake kitu," na umwoneshe kwa nini, maana mwingine atadhani unakwepa kumlipa.

Kuhusu joto, Plasti Dip inatajwa kuhimili kutoka nyuzi 34 chini ya sifuri hadi nyuzi 93 za Selsiasi. Mizunguko ya mjini haifiki huko. Kushuka Kitonga au barabara ya Lushoto umekanyaga breki mwanzo mwisho ni habari nyingine. Shuka kwa gia ndogo, kama unavyotakiwa kufanya hata kama rimu zako hazina pambo lolote.

Mambo yakiharibika

*Imelia machozi.* Ulikuwa karibu mno au ulisimama mahali pamoja. Usiguse kwa kidole ikiwa mbichi, utaongeza alama ya kidole juu ya chozi. Chozi dogo gonga kwa ncha ya kitambaa chenye spiriti kidogo, acha nusu saa, puliza ukungu juu. Chozi kubwa kwenye mkono wa pili au wa tatu: acha ikauke, bandua rimu yote, anza upya. Inauma, lakini ni kopo moja tu.

*Imekuwa na chengachenga kama msasa.* Rangi imekauka hewani. Ulikuwa mbali mno, au kuna upepo, au ni jua. Hamia kivulini, sogea hadi sentimita 15, piga mkono mmoja wenye unyevu. Mara nyingi unalainisha.

*Kuna viputo.* Hukungoja nusu saa, au mkono ulikuwa mzito. Vidogo hutulia vyenyewe wakati wa kukauka. Vilivyobaki vitoboe kwa sindano na upulize juu.

*Imepauka, ina ukungu mweupe.* Unyevu wa hewani umenaswa ndani, na kwenye kopo la mng'ao ndiko unakoonekana sana. Acha siku moja mahali pakavu uone kama itarudi. Isiporudi, ngoja siku kavu uongeze mkono.

*Inainuka ukingoni baada ya wiki mbili.* Mafuta ya tairi. Rudi kasome hatua ya pili. Kuibandika kwa gundi hakusaidii. Kata kipande kilicholegea kwa wembe, safisha kwa spiriti, puliza mikono mitano hapo.

*Imekwaruzwa na jiwe.* Safisha, puliza kidogo kwenye kifuniko cha chupa, chovya brashi ndogo, gonga juu ya jeraha mara tatu au nne. Alama itabaki ukiitafuta.

*Kopo linatema.* Mdomo umeziba. Ling'oe pua yake, ioshe kwa thina, irudishe. Na kila unapomaliza kazi, geuza kopo juu chini na ubonyeze mpaka itoke hewa tupu, halitaziba.

*Nzi ametua.* Mwache. Ukimfukuza atatembea. Ikikauka mtoe kwa kibanio, puliza ukungu, endelea na maisha.

Siku ya kubandua

Tafuta ukingo, ule wa nje au wa tundu la nati. Sugua kwa kidole gumba mpaka ngozi ijikunje, ishike, vuta polepole ngozi ikiwa imelala karibu na uso wa rimu, usivute kwenda juu. Asubuhi yenye ubaridi hukatikakatika. Liache gari juani saa moja kwanza, mpira ulegee.

Ikiwa ngozi ni nyembamba, ya mtu aliyebana makopo, usianze kukwangua. Ioshe, ifute, na upulize mikono minne mingine juu yake. Subiri siku mbili, kisha bandua vyote pamoja. Ndivyo tulivyomalizia rimu ya nne ya shemeji, baada ya kuteseka na tatu. Mabaki ya kwenye kona hulegea kwa WD-40 na kitambaa. Kisu na pamba ya chuma viache jikoni.

Vipande usivichome moto, moshi wake ni mbaya. Vitie kwenye taka. Ingawa kwangu havifiki huko: ngozi ikitoka nzima inakuwa na umbo kamili la rimu, na matundu yake yote manne ya nati, na watoto huigombania.